Tunaenda Kumwona Kyungu

Laetitia alikuwa amepika. Alitoka nyumbani kwa wazazi wake, kwenye nyumba za askari za Base ya Kamina, akiwa na kikapu kichwani na sufuria mkononi, kitenge kipya kiunoni, midomo imepakwa rangi. Émerence, mama mkwe wake, aliyekuwa ameketi kiti cha mbele cha gari, alipoiona ile sufuria aligeuza uso.

"Mama, nilipika sombe ya majani ya mihogo na samaki ya Bukama," Laetitia alisema akiingia nyuma. "Ile Kyungu anapendaka. Kule mu pori banamulishaka nini? Madesu tu, kila siku maharagi."

"Ulifanya muzuri, mutoto yangu," Émerence akasema. "Funga mulango."

Kabange, aliyeshika usukani, hakugeuka. Alimsalimia shemeji yake kupitia kioo, akawasha gari, wakatoka kambini polepole huku watoto wa askari wakikimbia nyuma yao na kupiga bodi kwa viganja.

Wakati huo Kyungu, mume wa Laetitia, mwana wa Émerence, ndugu wa Kabange, alikuwa ameshazikwa. Alikuwa mlinzi wa msitu wa serikali huko milimani. Watu wenye bunduki, wale ambao kila mwaka hubadilisha jina na hawabadilishi tabia, walimvizia karibu na kituo chake wakampiga risasi. Joto halingojei ndugu wafike, kwa hiyo wenzake walimzika huko huko. Mkuu wa kituo alimpigia simu Émerence, kwa sababu Kyungu aliandikwa kazini kabla hajaoa na jina la mama yake ndilo lililokuwapo. Émerence alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akaweka simu chini, akaendelea kumenya mihogo. Jirani aliyepita kuomba moto hakujua lolote.

Msimwone mkavu wa moyo. Kyungu hakuwa mtoto wa hivi hivi; alikuwa pacha, yeye na Kabange, na kwa ukoo wa Émerence pacha hafi. Hutasikia mtu akilitamka neno hilo. Watasema amekwenda kutafuta kuni. Siku mapacha wanapozaliwa, watu huja kumtukana mama yao kwa nyimbo, naye huwajibu kwa matusi makubwa zaidi, na wote hucheka. Siku mmoja wao anapokwenda, huimbiwa matusi yale yale na kuchekewa vile vile, ingawa kila mtu anajua kicheko hicho kinatoka wapi. Machozi ni mwiko. Ukimlilia, na hasa ukiwa wewe ndiye uliyemzaa, atadhani mnamwonea huruma kwa upweke wake, naye atamwita mwenzake amfuate.

Watu wa mbali watasema huo ni ujinga. Waseme. Émerence alikuwa amemwona jirani yake wa zamani, Ngalula, akimlilia mmoja wa watoto wake mapacha aliyechukuliwa na surua, na mahindi ya msimu ule yalikuwa bado hayajavunwa, wa pili naye akaenda. Muuguzi alieleza kwamba watoto wanaolala mkeka mmoja huugua ugonjwa mmoja. Maelezo mazuri, ya shule. Ngalula mwenyewe hakuyakubali, na alikufa akijilaani kwa yale machozi. Padri naye alikuwa amewaonya mara nyingi juu ya mambo hayo, na Émerence alikuwa mtu wa kanisa kwelikweli, hakosi misa. Lakini Mungu alikuwa na Mwana mmoja tu; ya mapacha, Émerence alijisemea, angeyajulia wapi?

Kwa hiyo jioni ile alimwita Kabange akamwambia, "Ndugu yako alienda kutafuta kuni." Kabange alimtazama mama yake, akaitikia, "Ndiyo, mama," kisha akaketi akala chakula chake chote. Émerence alimshukuru Mungu kwa kumpa mtoto mwenye akili.

Tatizo lilikuwa Laetitia. Baba yake alikuwa sajini aliyetoka mkoa wa Équateur, nyumbani kwao walizungumza Kilingala, na Kiluba cha binti kiliishia kwenye salamu. Émerence aliwahi kufika kwenye vilio vya kule kambini. Aliona wajane wakijitupa chini, wakijipaka vumbi, wakipiga kelele hadi ng'ambo ya uwanja wa ndege. Ukimwambia Laetitia habari ile asubuhi, jua halitafika utosini kabla Kyungu hajasikia kilio chake huko aliko. Basi Émerence akapanga. Atamwambia tu kwamba wanaenda kumwona Kyungu, watembee kidogo milimani. Wakifika, yeye na Kabange watatangulia kaburini, watapaka pemba, ule udongo mweupe, watamwaga munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, watamwimbia matusi yake na kumwomba amwache ndugu yake. Halafu Kabange ataondoka na gari aende mbali, na hapo ndipo Laetitia ataambiwa, alie hadi achoke. Haukuwa uongo, Émerence alijiambia, ilikuwa kupanga zamu tu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Gari lilikuwa la Kisimba, mfanyabiashara aliyemwajiri Kabange kusafirisha mizigo yake. Liliiacha tambarare, likavuka reli, likapita mashamba ya mihogo na vijiji ambavyo Laetitia hakuwahi kuviona maana maisha yake yote yalikuwa kambi na soko. Alisoma kila kibao kwa sauti. Alinunua ndizi dirishani. Alipoona mlima wa kwanza, wa buluu, umelala mbali mbele yao, alipiga makofi.

"Njo kule iko?"

"Njo kule," Kabange akajibu.

"Alinipromettre, unajua? Tangu tulioana. Anasema, iko siku nitakutembeza mu pori yangu, utaona maji inaanguka, utaona nyani. Kila akikuja congé anasahau." Alicheka. "Leo njo leo. Nitamukuta na nguo ya kazi, na ndevu, hata hakujiosha."

Émerence alitazama mbele. Alikuwa amefunga rozari mkononi, lakini midomo yake haikuwa ikisali. Ilikuwa ikihesabu kona. Kila kona iliyopita bila mtu kulia ilikuwa faida.

Walipofika kwenye kizuizi cha kuingilia msituni, mlinzi kijana aliyeitwa Monga alitoka kibandani. Alilijua gari, na alikuwa rafiki wa Kyungu. Alipomwona Émerence alivua kofia, akainamisha kichwa, akafungua kinywa. "Mama, kweli tuko na—"

"Weye!" Émerence alimkatiza kwa sauti iliyomshtua hata ndege. "Kichwa kubwa kama chungu ya bukari, na ndani haina kitu! Njo unavua kofia ili tuone?"

Monga alibaki mdomo wazi. Kisha alikumbuka anaongea na mama wa nani, maana na yeye alikuwa Mluba aliyelelewa vizuri. Akairudisha kofia kichwani, akashika kiuno. "Na weye, mama ya mapasa," akajibu, "tumbo kama gunia ya makala ya kupikia! Ulizaa babili mara moja, ulikuwa unakimbia nini? Njaa?"

"Nilikuwa nakimbia sura ya baba yako!"

"Baba yangu alikukataa!"

Laetitia alicheka hadi akashika mbavu. Monga naye alicheka, Kabange alicheka, Émerence alicheka kuliko wote. Monga alikwenda kuinua mti wa kizuizi akiwa amewapa mgongo, akakawia pale akipapasa kamba iliyokuwa imefunguka tayari. Walipopita karibu naye, macho yake yalikuwa mekundu, naye alikuwa bado anacheka.

"Batu ya huku munapenda matusi," Laetitia alisema akijifuta machozi ya kicheko. "Kwetu, mungeshapigana."

Baada ya pale njia ilianza kupanda. Mvua za kwanza zilikuwa hazijashuka, lakini miti ya miombo haingojei. Ilikuwa imeshatoa majani mapya, mekundu na ya rangi ya shaba, mlima baada ya mlima, kana kwamba mtu alipita akiwasha moto usiounguza. Chini mabondeni ukungu ulikuwa bado haujaondoka. Kijito kilivuka barabara, maji meupe juu ya mawe, na tumbili wakaruka kutoka tawi hadi tawi wakiwatazama bila woga. Hewa ilinukia maua. Émerence alizaliwa upande ule wa nchi na hakuwahi kuona msitu ukiwa mzuri hivyo, na aliuchukia. Aliuchukia kwa moyo wake wote. Mwanawe alikuwa chini ya udongo wake, nao umejipamba.

"Kumbe kuko kuzuri hivi!" Laetitia alikuwa akisema nyuma. "Mama, angalia! Mama, unaona ile? Sasa juu ya nini anasemaka kazi iko nguvu? Batu balipaka pesa kuona bitu kama hii!"

"Iko kuzuri," Émerence akasema.

Kuna mahali barabara inapozunguka bega la mlima, na upande mmoja ardhi inaisha. Hapo unaiona nchi yote ya chini, hadi maziwa ya Lualaba yanayong'aa mbali. Laetitia alipiga kelele gari lisimame. Alishuka akikimbia, akapiga picha milima, akapiga picha miti, akajipiga yeye mwenyewe. Kisha akageuka.

"Kabange, kuya hapa. Simama karibu yangu."

Kabange alibaki ameshika mlango wa gari. "Minyi? Juu ya nini?"

"Tumuchokoze. Nitamuonyesha, nimuulize: hii photo tulipiga siku gani? Atatafuta mpaka kichwa imuume. Kuya basi! Weka mukono hapa."

Kabange alimtazama mama yake. Sura ile ile ya Kyungu, pengo lile lile kati ya meno, masikio yale yale yaliyosimama. Émerence alitikisa kichwa kukubali, kwa sababu kukataa kungeleta maswali, na maswali yangeleta kilio. Kabange akaenda, akasimama ukingoni, akaweka mkono juu ya bega la mke wa ndugu yake.

"Apana hivyo. Cheka kama yeye. Yeye anachekaka na upande."

Kabange alicheka kwa upande. Hakukosea hata kidogo. Simu ilipopiga picha, Laetitia aliegemeza kidogo kichwa kwenye kifua chake, kwa mzaha, halafu akaitazama picha akasema, "Ee! Hata minyi ningekosea."

Émerence alikuwa amekwenda nyuma ya gari. Alijaza pindo la kitenge mdomoni akaliuma. Machozi yalikuja hadi mlangoni mwa macho, akayarudisha. Alijifinya paja, akafikiria mambo ya kijinga, akafikiria bei ya chumvi, akamfikiria Ngalula. Laetitia alipomfuata na kumuuliza ana nini, alisema ni kizunguzungu, kule chini kuko mbali. Laetitia alimshika mkono akamrudisha garini kama mtu anayemshika mama yake mzazi.

Walipoondoka pale, binti aliinama mbele, akaweka kidevu juu ya kiti cha mama mkwe.

"Mama, acha nikuambie kitu. Minyi nilikuwa nakuogopaka. Nilikuwa nazania haunipendi, juu minyi haiko Muluba. Nilikuwa naambiaka Kyungu, mama yako ananiangalia kama mugeni. Leo unanileta promenade. Niko na furaha. Njo nilitaka kukuambia."

Kama kuna adhabu iliyo kali kuliko shukrani usiyoistahili, Émerence hakuwahi kukutana nayo. Alipapasa mkono wa binti ulioshika kiti chake. Alitaka kumwambia ukweli hapo hapo. Alitazama shingo ya Kabange, imekakamaa juu ya usukani, akanyamaza. Wa kwanza alikuwa ameshakwenda. Huyu alikuwa hapa, anapumua, na alikuwa wake. Akamchagua yeye tena, kama alivyomchagua tangu asubuhi.

Kituo kilikuwa nyumba mbili za matofali na bendera, kwenye uwazi uliozungukwa na miti. Émerence alikuwa amepanga kushuka kwanza, amshike mkuu wa kituo pembeni. Lakini mkuu huyo, Chrispin, alikuwa amelisikia gari tangu likiwa bondeni. Hakuwa mtu wa huku. Alitoka Kinshasa, na alikuwa mtu mwema, na aliona ni wajibu wake kufanya mambo kwa heshima. Alikuwa amewapanga walinzi wake mstari, sare safi. Gari liliposimama, yeye mwenyewe alifungua mlango wa nyuma, akaweka mkono kifuani mbele ya mwanamke kijana mwenye sufuria magotini.

"Madame," alisema, "kwa jina la walinzi wote, pokea pole zetu. Mume wako alianguka kama shujaa. Tulimzika kwa heshima. Nitakupeleka mwenyewe kwenye kaburi."

Laetitia alitabasamu, kwa kuwa tabasamu lilikuwa tayari usoni. Alimtazama Chrispin. Alitazama mstari wa walinzi, mmoja mmoja, akitafuta. Aligeuka akamtazama Kabange, akamtazama Émerence, na hapo Émerence aliona habari ikimfikia, ikishuka kutoka machoni hadi kifuani. Kinywa cha binti kikafunguka.

Émerence alirukia nyuma katikati ya viti, mwanamke mzima wa umri wake, akamfunika kinywa kwa kiganja.

"Usilie! Laetitia, usilie kwanza! Nakuomba na Mungu. Iko mapasa, unasikia? Ukilia, atamuita Kabange. Acha tumuimbie kwanza. Kidogo tu. Kisha utalia."

Laetitia alimuuma. Alimuuma hasa, hadi damu, na Émerence hakuondoa mkono. Sufuria ilipinduka, mafuta ya mawese yakamwagika juu ya kitenge kipya. Walinzi walibaki kwenye mstari wao, hawajui kama wapige saluti au waamue ugomvi.

"Mama, muache!" Kabange alipiga kelele. "Mama! Muache apumue!"

Mkono ukatoka. Laetitia alivuta pumzi ndefu, na badala ya kulia alisema, kwa sauti ndogo iliyowatisha wote, "Kwetu, bibi mwenye hakulia bwana yake, njo yeye alimuua. Unataka baseme minyi njo nilimuua?"

Émerence hakuwa amewaza hilo. Miaka mitatu binti yule alikuwa mkwe wake, na hakuwahi kumuuliza kwao wanaliaje. Alielewa, palepale, kwamba machozi yaliyomtisha yeye ndiyo yaliyokuwa kinga ya mwenzake, na kwamba hakukuwa na njia ya katikati. Kyungu angetaka nini? Hakujua. Alijua tu kwamba Kabange alikuwa bado amesimama pale, karibu mno, masikio wazi.

"Weye, enda," akamwambia. "Chukua motokari, enda mbali. Enda mpaka hautasikia. Usirudi mpaka jua ishuke."

"Mama—"

"Enda!"

Kabange aliondoka. Gari lilipotea kwenye miti, sauti yake ikafifia, na kabla haijaisha kabisa Laetitia alikuwa ameshafika kaburini, amejitupa juu ya udongo ambao ulikuwa bado haujakaa, akilia kwa Kilingala, akimwita mume wake kwa majina ambayo Émerence hakuwahi kuyasikia. Waswahili husema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Pale mfiwa mmoja alilia, na mfiwa wa pili alisimama juu yake na chupa ya munkoyo mkononi, anaimba matusi.

Aliimba kwa sauti kubwa, ili Kyungu asikie ya kwake na asisikie ya mkewe. Alipaka pemba kwenye msalaba wa miti. Alimwita Kyungu mlafi, mvivu, kichwa kama jiwe la mto, mtoto aliyetoka wa kwanza kwa kumsukuma mwenzake. Alimwambia akae huko na kuni zake, asimwite mtu, nyumbani hakuna anayemtaka. Damu ilichuruzika kutoka kiganjani ikachanganyika na pemba. Laetitia aliinua uso mara moja, umejaa udongo, akamtazama mwanamke huyu anayecheka juu ya kaburi la mwanawe, kisha akaurudisha uso chini. Chrispin aliondoka akaenda kusimama nyuma ya bendera. Walinzi wawili waliokuwa wa huku walijaribu kuitikia wimbo, wakaishia ubeti wa kwanza.

Mwishoni sauti ya Émerence ilikauka, na ya Laetitia ikakauka, wakabaki wote wawili wameketi chini, kila mmoja upande wake wa kaburi.

Wakangoja. Jua lilianza kushuka, na Kabange hakurudi. Émerence alianza kusikiliza. Kila upepo ulikuwa gari, na kila gari lilikuwa upepo. Aliziona zile kona zote alizozihesabu asubuhi, na ule ukingo ambapo ardhi inaisha, na mwanawe ameshika usukani peke yake, ndugu yake anamwita kutoka chini. Machozi ya mke yalishuka kaburini kabla ya pemba. Aliyaona kwa macho yake. Alimwomba Mungu, akamwomba na Kyungu mwenyewe. Safari hii hakumtukana, alimbembeleza kama alipokuwa mchanga, ale, anyamaze, alale. Alimwambia kama lazima achukue mtu basi amchukue yeye, mzee, asiye na kazi tena.

Gari lilirudi vivuli vikiwa virefu. Kabange alishuka, mzima, miguu miwili, mikono miwili. Émerence alimkimbilia akamshika uso. Macho yalikuwa yamevimba, mekundu.

"Ulilia," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kabange. Ulilia leo?"

"Leo." Alitazama pembeni. "Na siku ile pia, mbele ya leo. Monga alishanipigia simu, mama, mbele weye uniambie. Nililia ku depot ya Kisimba, nyuma ya magunia, mpaka Kisimba mwenyewe akafunga mulango ili batu basinione. Nililia mpaka nikatapika. Kisha nikakuja nyumbani, ukaniambia alienda kutafuta kuni."

"Na ukakula. Ulikula yote."

"Ungeogopa," Kabange akasema. "Sikutaka uogope."

Laetitia alikuwa amesogea karibu. Mafuta ya mawese yalikuwa yamekauka kwenye kitenge chake, udongo juu yake. Alimtazama shemeji yake, akamtazama mama mkwe. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na kitu kibaya kuliko hasira, utulivu wa mtu anayetaka kujua tu.

"Alishalia?" akauliza. "Tangu siku ile ile?"

Kabange aliitikia kwa kichwa.

"Basi, mama, juu ya nini muliniacha nipike?"

Émerence aliyatazama yale mafuta kwenye kitenge. Akaona kwamba sasa anaweza kulia, maana hakuna tena cha kuzuia. Yaliyokuwa ya kutokea yalitokea kwenye depot ya magunia, nyuma ya mgongo wake. Alijaribu. Alijikaza, akaukunja uso, akavuta pumzi. Hayakuja. Alikuwa ameyarudisha mara nyingi mno, na sasa hayakumjua.

Chrispin aliwafungulia milango. Laetitia aliketi nyuma na kugeukia dirisha. Waliposhuka mlimani milima ilikuwa bado mizuri, myekundu yote kwa jua la mwisho, na hakuna aliyeomba gari lisimame. Kabange aliendesha vizuri, kama siku zote. Alikuwa mzima. Alikuwa amelia mara mbili na alikuwa mzima, na mtu mwingine yeyote angepumua.

"Enda polepole, mutoto yangu," Émerence akamwambia kwenye kona ya kwanza.

Akamwambia tena kwenye kona ya pili. Barabara ilikuwa kavu, pana, haina gari lingine, na alimwambia vile vile hadi Kamina.